Mnyoo Anayeganda Majini

Mbwajumali
Alhamisi, tarehe kumi na mbili, Mfunguo Nne
(18 Julai 2024 kwa hesabu zenu)

Kwa Sundus binti Harith, mjukuu wangu aliyeko Nairobi.

Salamu nakupa kwa kuwa dini imeniamuru, si kwa kuwa umezistahiki. Miezi miwili hujaandika. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako Huwaida ana kikohozi cha kudeka. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Ndugu yako Husni posa yake imekubaliwa, ataoa baada ya Ramadhani, na kofia yake ya arusi naishona mimi, kama nilivyomshonea baba yenu. Maua nimeshayachora, bado kuyatoboa kwa sindano.

Usinambie nitumie simu ya Huwaida. Simu ukisema nayo nyumba nzima hutega sikio, na maneno yakishatoka huyaoni tena. Barua hukaa. Baba yangu Sadiq alinifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu nikiwa sijaota meno ya pili, na skuli ya serikali sikuiona hata mlango. Mwandiko wangu watu waliujua mpaka Faza bila kusoma jina. Nawe nimekufunza, ijapokuwa wako ni kama kuku aliyepita penye unga.

Sasa neno lenyewe. Ulipokuja Idi ulisema unasomea minyoo. Mimi nikawaambia watu: Sundus wangu ni daktari wa minyoo. Juzi wamekuja wanawake saba na watoto wao, matumbo kama ngoma, wanaulizia dawa. Nimewakalisha, nimewapa kahawa, nimewaahidi kwa jina lako. Ndipo Huwaida akafungua picha uliyomtumia. Umevaa koti jeupe, umeinamia kisahani, na mbele yako hakuna mgonjwa! Huwaida anasema minyoo yako si ya tumbo la mtu, ni ya mchangani, na kazi yako ni kuiangalia ikitembea.

Kuiangalia ikitembea! Sundus! Mimi nimemaliza nuru ya mato yangu kwa kutoboa kofia ili wewe usome, ukenda kuangalia mnyoo akitembea? Watoto wa hapa huwaangalia bure ufuoni maji yakitoka, na hawajapewa shahada.

Nijibu. Nieleze kitu kwa kitu, tena usinipe maneno ya kujificha nyuma yake.

Ni mimi bibi yako, ambaye akili zake bado anazo,
Hindu binti Sadiq


Nairobi
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Kwa Bibi yangu Bi Hindu. Mkono wako naubusu, wa kulia kisha wa kushoto.

Barua yako imefika imechoka. Kamaludin ameniambia aliisahau dukani kwake siku tisa kabla ya kumpa mtu wa kuivusha gatini Mtangawanda. Mimi ni mzima, nakula, naswali, na baridi ya huku imenifanya nivae soksi mbili. Nisamehe kwa ukimya. Na wale mama saba niombee radhi: watoto wawapeleke zahanati, dawa ya minyoo ya tumbo ipo siku nyingi, haikunisubiri mimi.

Bibi, mnyoo wangu ni huyu. Chukua nukta unayoweka juu ya herufi nuni, ivute kidogo. Ndiye huyo, kwa urefu wake wote. Mwili wake ni kama kioo, unamwona mpaka chakula kikishuka. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana, vinaitwa seli. Zile seli zinazopeleka habari, neva, mtu anazo mabilioni. Huyu anazo mia tatu na mbili tu, na kila moja inajulikana ilipo, kama nyumba za Mbwajumali.

Pembeni ya neva zipo seli nyingine, hamsini na kitu, zinaitwa glia. Watu wa zamani waliziona ni gundi tu ya kushikanisha neva, na hata jina lake maana yake ni gundi. Hakuna aliyezishughulikia. Lakini ndani ya kila seli mna maagizo, tunayaita jeni, mfano wa maneno yaliyoandikwa: herufi moja ikikosewa, maana huharibika. Kuna jeni moja ambayo ikiharibika katika hizo seli za pembeni, mnyoo akiwa juu ya jeli laini kisahanini anatambaa vizuri, huwezi kumjua. Mtie majini. Ataogelea, atajipinda kushoto na kulia, halafu baada ya dakika chache ataganda. Hakufa. Amesimama tu.

Kumbe seli za pembeni ndizo zinazosafisha na kupoza. Zisipofanya kazi yake, neva jirani hupiga kelele mno na kumwaga dawa iitwayo dopamini, ile inayoongoza mwendo, mpaka inamzidi mnyoo. Na ukiirudisha jeni ile katika seli za pembeni peke yake, bila kuzigusa neva, mnyoo huogelea tena. Kosa lilikuwa kwa jirani.

Kazi yangu ni kuhesabu wangapi wanaogelea na wangapi wameganda. Na sijui yupi ni yupi. Mwenzangu Owen hubandika karatasi juu ya jina la kila kisahani, nami huhesabu nimefungwa macho kwa namna hiyo, ili mapenzi yangu yasiingie katika hesabu.

Mjukuu wako,
Sundus


Mbwajumali
Ijumaa, tarehe kumi na sita, Mfunguo Sita
(20 Septemba 2024)

Kwa Sundus, daktari wa nukta.

Wa alaykumu salaam. Huwaida amepona kikohozi sasa amepata mgongo. Pacha wa mbuzi mmoja amekufa. Husni anakonda kwa mapenzi, hana la maana analofanya. Mvua imepita kando.

Barua yako nimeisoma mara tatu kisha nikawaita wale wanawake saba, nikawasomea. Walikuja kunidai dawa, wakaondoka wameisahau. Nilipofika hapo pa nuni, nikachukua kalamu, nikaweka nukta karatasini, nikawapitishia mmoja mmoja. Subhanallah! Kitu kama hicho, na ndani yake mna mtaa mzima, na wenye kupeleka habari, na wenye kufagia! Na wewe mtoto wa Harith, uliyekuwa ukilia ukiona kaa, unawajua kwa nyumba zao. Nakuambia kweli, Sundus, usiku huo nimeswali rakaa mbili za shukurani, na moja ya kujuta maneno niliyokuandikia. Moja tu. Maneno mengine yalikuwa haki yako.

Hao wazee wenu walioziita gundi walikuwa hawajawahi kupika arusi. Arusini watu humsifu bi arusi, huwasifu waimbaji. Nani amemsifu aliyeosha masufuria? Mimi nimekaa jikoni mwa arusi za mji huu miaka arobaini. Mwaka mmoja mama wa bwana arusi alitutukana, tukavua kanga za kiunoni tukakaa chini, hakikupikwa kitu. Waimbaji waliimba nyimbo mbili wakanyamaza kwa ndaa, na bwana arusi hakupelekwa mpaka alasiri ya siku ya pili. Sauti zao zilikuwa nzima, kama neva zako. Basi hilo jambo la seli za pembeni mungekuja kuniuliza mimi, mungefika mapema.

Lakini nina swali. Huyo anayeganda, anajua kwamba ameganda? Anataka kwenda na mwili unakataa, au hata huko kutaka hakuko? Hilo hukulisema. Na wakimgusa, huondoka? Nauliza tu, kwa kuwa mtu akisoma habari huuliza.

Kofia inakwenda. Nyuzi za siku hizi ni mbovu, hukatika. Maulidi mwaka huu sikwenda, nimewaachia vijana nafasi.

Hindu binti Sadiq


Nairobi
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Bibi yangu mpenzi, mkono wako naubusu.

Sina habari za kwangu ila njema. Swali lako nimempelekea Daktari Mourine, mkuu wetu, mama mmoja wa Kakamega asiyecheka ovyo. Amelisoma, akaliandika ubaoni mbele ya watu wote: "Anataka au hataki?" Kisha akasema, "Nani ameuliza hivi?" Nikasema bibi yangu. Akasema, "Bibi yako angekuwa hapa, ningewafukuza wawili kati yenu." Jawabu hatuna. Ukimgusa, pengine hutikisika kidogo. Lakini kama anataka, mnyoo hana kinywa cha kutuambia.

Sasa mimi nauliza. Maulidi hujakosa hata mwaka ule uliokuwa na homa, ulibebwa kwa kiti ukawa unawakosoa wasomaji ukiwa kitini. Mwaka huu umewaachia nafasi vijana gani? Na barua yako nimeisogeza mpaka kwenye taa ndipo nikaisoma. Mwandiko umekuwa mdogo sana, na mistari ya mwisho imejikunja kama wadudu. Karatasi imeadimika? Kofia imefika wapi?

Sundus wako


Mbwajumali
Ijumaa, Mfunguo Nane
(15 Novemba 2024)

Kwa Sundus.

Tu wazima. Karatasi ni yangu, nitaijaza nipendavyo. Kofia usiitaje. Mwambie Mourine swali lile nimempa, hakuniibia.

Usiulize ulize. Mtoto haulizi mpaka aambiwe uliza.

Hindu


Nairobi
Jumamosi, 7 Desemba 2024

Kwa Bibi yangu Bi Hindu. Mikono yako yote miwili naibusu kabla sijasema, kwa kuwa nikishasema huenda usinipe tena.

Barua zako zote tangu niondoke nyumbani nimezihifadhi, ni kumi na tisa. Wiki iliyopita nilizitandaza mezani. Macho yangu yaliniambia jambo, nikayakataa, nikasema haya ni macho ya mjukuu mwenye hofu, hayafai kuhesabu. Basi nikafanya kama tunavyofanya kwa minyoo. Nikafunika tarehe zote kwa karatasi, nikazichanganya, nikampa Owen. Owen hajui alifu wala be, kwake ni vijiti na mikia, siri yako hakuiona hata moja. Nikamwonyesha alifu, nikamwambia: kila barua, pima urefu wa kijiti hiki mstari wa kwanza, kisha mstari wa mwisho, kwa kile kioo chetu cha kukuzia. Kisha zipange, kubwa kwanza, ndogo mwisho.

Alikaa nazo mchana kutwa. Alipomaliza nikafunua tarehe. Bibi, amezipanga kwa miaka. Zimefuatana kama shanga, kutoka ya kwanza mpaka hii ya Novemba, ambayo alifu yake ni nusu ya zile za mwanzo. Na ndani ya kila barua ya mwaka huu, mstari wa mwisho ni mdogo kuliko wa kwanza. Moja tu ndiyo iliyokaa pasipo pake, ya Machi mwaka jana: alifu zake ni kubwa, akaiweka na za zamani. Hiyo sikuelewa.

Mimi si daktari wa watu. Naweza kuwa nimekosea. Lakini upo ugonjwa wa watu wazima ambao neva zile zinazotoa dopamini hufa moja moja. Mkono huwa mzito, hatua huwa fupi, mwandiko hupungua bila mwenyewe kutaka. Unaitwa Pakinsoni. Kwa mnyoo wangu dopamini huzidi kwanza, na baadaye neva zake zenyewe huharibika. Wewe si mnyoo, na habari zenu si moja. Ila nimekaa miaka miwili nikitazama kiumbe kinachosimama njiani, siwezi kujifanya sikuona.

Hospitalini Langoni yupo Daktari Bramwel, anajua magonjwa ya neva, huja wiki ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi. Nakuomba uende. Nigombeze upendavyo, lakini uende.

Sundus


Mbwajumali
Ijumaa, Rajabu ishirini na tatu
(24 Januari 2025)

Kwa Sundus binti Harith, mpimaji.

Salamu. Barua yako ilifika siku nyingi. Niliiweka chini ya mkeka nikaikalia mwezi mzima, ndiyo sababu jawabu limechelewa.

Umeniaibisha. Barua zangu, zilizo na habari za mgongo wa Huwaida na posa ya Husni, umempa mwanamume baki, si ndugu si jamaa, azipime kwa kioo! Hata kama hajui alifu. Baba yangu angekuwa hai angekuvua lile koti jeupe kwa bakora. Mimi ni nani, nitandazwe mezani?

Nimeshasema. Sasa sikiliza, kwa maana nimekasirika mwezi mzima na hasira imenishinda kuibeba.

Ile ya Machi sikuiandika mimi. Siku ile mkono ulikataa kalamu. Nilimwambia Huwaida nimejichoma sindano, nikamsomea akaandika, na mwandiko wake nimeufunza mimi, kwa hiyo hukujua. Hakuna ajuaye jambo hili ila mimi, Huwaida na Mola wetu. Huwaida hata hajui kama ni jambo. Na huyo kijana, asiyejua alifu wala be, ameitoa katikati ya kumi na tisa akaiweka pasipo pake! Sundus, nimekaa na hilo siku tatu. Nikikuchukia asubuhi, jioni nikikustaajabia. Kazi gani hiyo munayofanya, inayomkamata mtu kwenye uwongo wake bila kumwuliza? Wallahi nimeona fahari, na nimeona haya, na sijui ipi ilikuwa kubwa.

Basi nitakwambia na lisilopimika. Mwezi wa Maulidi nilivaa, nikajitia udi, nikafika mlangoni kwangu, na mguu ukakataa kizingiti. Si maumivu. Si kizunguzungu. Nyayo zimegandamana na sakafu kama zimepigwa misumari. Watu wanapita ndiani wananiamkia, "Bi Hindu, huji?" nami nawajibu, "Tangulieni." Huwaida alidhani naangalia mavazi ya watu. Nimesimama pale mpaka kasida zimeanza, nazisikia, nazijua zote, na nikarudi ndani kwa kugeuka kidogo kidogo kama jahazi lililokwama mchangani. Tangu hapo milango naiogopa. Kofia ya Husni nashona vitobo viwili nafumua vitatu.

Mwambie Mourine jawabu la swali lake ninalo. Anataka. Simjui mnyoo, nasema la kwangu: nilipokuwa pale mlangoni nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu nizaliwe.

Kombe nimeandikiwa, aya zikaoshwa kwa maji, na nimekunywa. Kwa daktari siendi. Siendi Langoni kutembezwa mbele ya mtu wa bara aniangalie kama unavyoangalia nukta zako. Hilo usinitajie tena.

Hindu binti Sadiq


Nairobi
Jumamosi, 1 Februari 2025

Bibi yangu,

Nimesoma barua yako mara mbili.

Nimekosa kukutandaza mezani bila idhini yako. Nisamehe. Kuhesabu sijutii.

Nimezungumza na Daktari Mourine. Visahani vyangu namwachia Owen. Tarehe mosi Machi napanda basi kuja nyumbani, nami sitarudi huku. Nitakushika mkono kila mlango, na Langoni nitakupeleka hata kama ni mgongoni. Minyoo itapata mtu mwingine. Wewe bibi una mjukuu mmoja wa kike.

Na neno moja nakukatalia. Umesema hutaki kuangaliwa kama ninavyoangalia nukta zangu. Unadhani nawaangalia vipi? Miaka miwili sasa, kila siku, saa nzima nzima, sijamdharau hata mmoja. Aliyeganda ndiye ninayemwangalia kwa muda mrefu kuliko wote. Naomba Mungu umpate mtu wa kukuangalia hivyo.

Sundus


Mbwajumali
Ijumaa, Shaabani ishirini na mbili
(21 Februari 2025)

Kwa Sundus, kitwa kigumu, mwana wa kitwa kigumu.

Usipande basi. Kama umeshakata tikiti, irudishe. Nimekwenda.

Huwaida yuko salama, Husni yuko salama, mbuzi wameuzwa. Nimekwenda Langoni juzi na Huwaida, tumepanda boti Mtangawanda, nimetapika mara moja, na yule mama aliyekaa karibu nami nimeshamwomba radhi.

Huyo Bramwel wako ni kijana mrefu, Kiswahili chake kina mifupa. Akanambia, "Karibu, mama, keti." Nikamwambia, "Mimi si mama yako. Mimi ni Bi Hindu." Akasema, "Samahani, Bi Hindu." Tukaelewana. Akanifanya nigonge kidole kwa kidole haraka haraka. Akanipa kalamu, nikaandika Bismillahi mara nne, ya nne ikaonekana mtoto wa ile ya kwanza. Akaukunja mkono wangu, akaunyoosha. Kisha akasema, "Sasa tembea mpaka nje ya mlango, urudi."

Mlangoni, yakawa yale yale. Mguu umeganda. Huwaida akaja mbio kunivuta, yule kijana akamwambia, "Mwache." Basi akasimama ananiangalia. Nami nikakumbuka uliyoniandikia, nikamgeukia kwa shingo, shingo ilikuwa inakwenda, nikamtazama anavyotazama. Hakuwa na haraka. Hakunionea huruma. Alikuwa kama fundi aliyeletewa saa ya zamani, anasikiliza. Hapo hasira ikanitoka, Sundus. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kukuangalia umeshindwa, na usione haya.

Kisha akavua mshipi wake kiunoni, akaulaza sakafuni mbele ya nyayo zangu. Akasema, "Bi Hindu, usitoke mlangoni. Huo mlango uache. Wewe ruka mshipi." Nikauangalia mshipi. Mguu ukanyanyuka! Nimevuka kama msichana, Huwaida akapiga kigelegele hospitalini, tukaambiwa tunyamaze. Anasema ile ndia ya kitwani inayoendesha miguu yenyewe bila kufikiri ndiyo iliyoharibika, lakini ndia ya jicho kulenga kitu bado iko wazi, na mwenye akili hupita huko.

Ugonjwa ni huo huo uliousema, kwa jina lake. Hauponi. Dawa amenipa, nimeze kabla ya kula, si pamoja na samaki, na mwili uliokaza umeanza kunilegea kidogo. Funga ya Ramadhani tumeigombania, mimi na yeye, na hatujamaliza. Nikamwuliza, "Na hizo seli za pembeni, za gundi, ndizo zilizoniponza?" Akashangaa nimezijulia wapi. Akasema kwa watu bado haijajulikana, kuna watu wanatafuta. Nikamwambia, "Mmoja wa wanaotafuta ni mjukuu wangu." Akaniuliza jina lako, akaliandika. Nimemsahihisha, alikuwa ameliandika vibaya.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Wa kunishika mkono hapa wako tele, mpaka nawachoka. Wa kumwangalia mnyoo aliyeganda asimwonee haya, katika Mbwajumali nzima, ni wewe. Utakuja arusini kwa Husni siku kumi, utapika jikoni pamoja nami, kisha utarudi kwenye visahani vyako. Ukiacha kazi hiyo kwa ajili yangu, utakuwa umenifanya mgonjwa zaidi kuliko nilivyo. Na mimi, yale ya kusema tangulieni na mimi siji, nimeyaacha. Nikishindwa nitasema nimeshindwa. Hiyo ni ahadi, na hujawahi kunisikia nikitoa nyingi.

Kofia ya Husni sasa anatoboa Huwaida. Mimi nakaa karibu yake namtukana. Inakwenda vizuri.

Huwaida ametandika kipande cha ukili wa mkeka chini mlangoni, pale kabla ya kizingiti, kwa kazi ile ile ya mshipi.

Hindu binti Sadiq

Mstari huu naandika dukani kwa Kamaludin, nimekaa juu ya gunia lake, analalamika. Barua nimeileta mwenyewe, peke yangu. Sikudanganyi: mlangoni nilisimama sana, mpaka Huwaida akaita kutoka jikoni, "Mama, umeshatoka?" Nikamjibu nimeshatoka, na bado nilikuwa ndani. Halafu nikamwita tena. Nikamwambia, "Huwaida, nimesema uwongo, bado nipo." Akaja, akasimama kando, hakunigusa. Nikauangalia ukili mpaka nikauona ukindu mmoja mmoja. Ndipo nikavuka.